Je, wajua? Kufuli la kivinjari halimzuii mwenye seva kusoma faili lako

Unapakia faili kwenye huduma ya kutumiana mafaili, unaona alama ya kufuli kando ya anwani ya tovuti, unaridhika kwamba limefungwa mpaka limfikie mwenzako. Sivyo. Kufuli lile linalinda safari peke yake, yaani kipande cha kati ya kivinjari chako na seva (kompyuta ya huduma hiyo). Faili likishafika, seva inalipata likiwa wazi.

Dropbox na Google Drive husema kwamba huyasimba mafaili (huyageuza yasisomeke bila ufunguo) pia yakiwa yamehifadhiwa, na ni kweli. Aliyeiba diski ya seva hataambulia kitu. Lakini kwa kawaida funguo wanazo wao wenyewe, ndiyo maana huduma inaweza kukuonyesha waraka bila kuupakua, kutafuta neno lililomo ndani yake, na kuukabidhi ukisomeka mahakama ikiamuru. Nenosiri unaloweka kwenye kiungo nalo mara nyingi ni bawabu tu: seva huliuliza kabla ya kutoa faili, ila faili lenyewe halibadiliki kitu. Kipimo kizuri, ingawa si kamili, ni kusahau nenosiri la akaunti. Ukipewa jipya kwa barua pepe na ukakuta mafaili yako yote yanafunguka kama kawaida, basi ufunguo haukuwa kwako peke yako. Kwa kazi nyingi hilo si kosa. Ni nafuu kwa wasahaulifu.

Sasa, huduma isiyo na ufunguo inawezaje kutuma faili kwa kiungo cha kawaida, bila mpokeaji kusakinisha chochote? Jibu limejificha kwenye alama ya reli, hii: #. Kwa kanuni za wavuti, kinachofuata alama hiyo kwenye anwani hakipelekwi kwa seva. Kiliwekwa ili kivinjari kijue kiruke hadi sehemu gani ya ukurasa, basi. Huduma mbili za kutumiana mafaili, Mega, iliyoanza 2013, na baadaye Firefox Send ya Mozilla, watengenezaji wa kivinjari cha Firefox, ziliona nafasi hapo. Kivinjari chako kinatunga ufunguo, kinalisimba faili kabla ya kulipakia, kisha kinauandika ufunguo baada ya #.

Chukulia umeweka sanduku lililofungwa kwenye ghala la watu, ukamtumia rafiki bahasha yenye namba ya sanduku na ufunguo wake. Rafiki akifika mlangoni anamtajia mwenye ghala namba tu. Ufunguo hautoki mfukoni. Analetewa sanduku, analifungulia nje. Mwenye ghala amelibeba mara mbili na hajui lina nini. Lakini yeyote aliyeiona bahasha njiani anaweza kufika kabla ya rafiki yako, kwa hiyo kiungo cha namna hii hakifai kubandikwa kwenye kundi la watu mia.

Kuna doa jingine. Programu inayosimba ndani ya kivinjari inaletwa na seva ileile usiyotaka kuiamini. Mwaka 2022 watafiti wa chuo kikuu cha ETH Zurich, Uswisi, walionyesha kwamba mwenye kuzidhibiti seva za Mega angeweza kupata funguo za watumiaji. Kampuni ikatoa marekebisho. Firefox Send ilikwama kwa sababu tofauti: wahalifu waliipenda kwa kusambazia programu hasidi, na Mozilla ikaifunga 2020.

Kwa mtu mmoja unayemjua, programu ya ujumbe ya Signal inatosha, maana viambatisho husimbwa kama ujumbe wenyewe. Programu ya OnionShare hugeuza kompyuta yako kuwa seva ndani ya Tor, mtandao unaoficha nani anawasiliana na nani, hivyo usiizime kabla mwenzako hajamaliza kupakua.

Ya ajabu zaidi ni Magic Wormhole, programu nyingine ya kutumiana mafaili. Inakupa namba na maneno mawili ya Kiingereza, unamsomea mwenzako kwa simu, naye anayaandika kwake. Michanganyiko ya maneno hayo ni 65,536 tu, idadi ambayo kompyuta huimaliza kufumba na kufumbua. Hata hivyo inatosha, kwa sababu mdukuzi hapewi nafasi ya kujaribu moja baada ya nyingine: akikosea mara moja, msimbo unaharibika na ninyi wawili mnaona kwamba muunganisho umeshindikana. Inawalazimu tu wote wawili muwe mtandaoni kwa wakati mmoja.