Hockenheim ya zamani: bawa unalilaza au unalisimamisha?

Vijana wanaokuja gereji kujifunza kuseti magari ya mashindano huwa nawapa swali moja. Una raundi ya karibu kilomita 7, sehemu kubwa unakanyaga mafuta mpaka mwisho katikati ya miti, halafu ghafla unaingia kama uwanja wa mpira, kona za polepole majukwaa kila upande, sasa bawa la nyuma, lile linalokandamiza gari barabarani, unalilaza au unalisimamisha? Wengi wanajibu fasta “laza”. Na mimi nilijibu hivyo hivyo mara ya kwanza kwenye simyuleta, raundi ya pili tu nikaishia kwenye kokoto pale kona ya Sachs, moja ya zile za uwanjani.

Swali lenyewe ni Hockenheim, njia ya mbio za magari Ujerumani, ile ya kabla ya 2002.

Ilianza 1932 kwenye njia za msituni, pikipiki ndio zilikuwa zinatamba. 1938 wakaifupisha ikabaki kama kilomita 7.7. Ila ile sura ya uwanja haikuletwa na mbio, ililetwa na barabara kuu! Miaka ya 60 serikali ikapitisha barabara ya A6 ikakata ile njia upande wa mjini, wenye njia wakalipwa fidia, na hela ya fidia ndio ikajenga Motodrom, yale majukwaa na kona zake, mchoro wa Mholanzi John Hugenholtz, huyo huyo aliyechora Suzuka ya Japani. Ndio maana ikawa kama barabara mbili zimeungwa, maana kweli zilikuwa mbili.

Tuizunguke basi. Unatoka mstari wa kuanzia, kulia kona ya Nordkurve, na hapo uwanja unauaga, unabaki wewe na miti. Mwanzoni huko msituni hakukuwa na kitu cha kukupunguza mwendo. Tarehe 7 Aprili 1968 Jim Clark, bingwa wa dunia mara mbili, alitoka barabarani na Lotus yake ya Formula 2, akagonga miti akafariki. Hakukuwa na vyuma vya kuzuia gari pembeni. Baada ya hapo vikawekwa, na shikeni, yaani zile kona za zigizaga za kukulazimisha ushike breki. Ya Ostkurve, kona ya mbali kule msituni, ilikuja baada ya dereva Patrick Depailler kufia pale kwenye majaribio 1980. Kwa hiyo ukiona shikeni kwenye ramani ya zamani usidhani mchoraji alikuwa anapamba.

Sasa bawa. Ukililaza upepo haulizuii sana, msituni unapita kilomita 340 kwa saa, na ukimfuata mwenzako kwa karibu anakukatia upepo unampita kabla ya breki. Ila ukifika Motodrom gari haishiki barabara, inateleza kama sabuni. Ukilisimamisha linakandamiza gari, unakuwa mfalme wa uwanjani na kila mtu anakupita msituni. Wengi walilaza wakakubali kuteseka kwenye kona, maana kumpita mtu uwanjani ni shughuli. Na injini nazo, zinalia fulu muda mrefu vile, zilikuwa zinafia huko sana tu.

Halafu mvua. 2000 ilinyesha uwanjani huku msituni bado kukavu! Ukivaa tairi za mvua zinaungua msituni, ukibaki na za kavu unacheza densi mbele ya majukwaa. Rubens Barrichello alianza nafasi ya 18, wenzake wakaingia kubadilisha tairi yeye akagoma, akatambaa taratibu uwanjani na kufidia msituni, akashinda mbio yake ya kwanza ya Formula 1. Kwangu mimi hiyo ndio raundi za mwisho bora kabisa pale, sibishani na mtu.

2002 Hermann Tilke, mchoraji wa njia za mbio, akaifupisha ikawa kilomita 4.574. Sababu naielewa, mtu kalipa tiketi halafu magari yanapotelea msituni, mwaka 2001 aliyaona mara 45, mwaka uliofuata mara 67. Na ile kona kali mwisho wa Parabolika, ile njia ndefu inayopinda taratibu, inaleta kupitana kweli. Lakini swali langu la bawa likafa, siku hizi unaseti katikati unaenda nyumbani.

Lami ya msituni waling’oa wakapanda miti, hata kama una hela huwezi kwenda kupita pale na gari. Fungua ramani ya setilaiti uvute karibu, upande wa mashariki wa uwanja utaona mstari wa miti midogo umenyooka katikati ya ile mikubwa, ufuate mpaka unapokunja. Hapo ndio Ostkurve.