Asali Nayo ni Sukari: Tusome Lebo

Tangu kitengo chetu cha lishe kianze kampeni ya kusoma lebo, wengi hawatuulizi wale sukari kiasi gani. Wanauliza wale sukari ipi. Ya kahawia? Asali? Tumeshajibu, na tunarudia: rangi haipunguzi kitu, na asali nayo inahesabiwa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari huru isifike asilimia 10 ya nishati ya siku. Ikiwa chini ya 5, bora zaidi. Kwa anayetumia kilokalori 2,000, asilimia 10 ni gramu 50, kama vijiko 12 vya chai. Tunasema kijiko kilichosawazishwa, si kile chenye kilima juu. Sukari huru ni ile inayoongezwa kwenye chakula, pamoja na ya asali, shira na juisi, hata uliyokamua mwenyewe. Tunda zima na maziwa havimo, kwa hiyo tafadhali msiache kula matunda kwa kuogopa sukari.

Sasa lebo. Tuseme soda ya mililita 330 imeandikwa gramu 10.6 za sukari kwa kila mililita 100. Zidisha 10.6 kwa 3.3, unapata karibu gramu 35. Gawanya kwa 4, ambayo ni gramu za kijiko kimoja: karibu vijiko 9. Kisha soma viambato. Hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Sukrosi, dekstrosi, maltosi na shira ya glukosi zote ni sukari. Zikitawanywa kwa majina manne, kila moja hushuka chini kwenye orodha na mnunuzi asishtuke. Na "haikuongezwa sukari" si sawa na "haina sukari". Kwa miongozo ya Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, maneno haya ya pili yanaruhusiwa tu pale sukari isipozidi gramu 0.5 kwa gramu 100. Juisi halisi haiwezi kufika hapo.

Tahadhari moja kwa wanaotumia insulini: sukari ya damu ikishuka, huo si wakati wa kubana. Kwa kawaida mtu mzima hushauriwa kunywa au kula gramu 15 za sukari ya haraka, asubiri dakika 15, apime tena. Ikiwa bado iko chini, arudie. Daktari wako akikupa kipimo tofauti, fuata chake.