Je, wajua kwa nini programu ileile husoma kilo 33 kwenye laptopu na hasi kwenye mizani?

Mama mmoja alishusha matenga mawili ya majani mabichi ya chai kwenye kituo cha kukusanyia, huku Rungwe, mvua ya Tukuyu ikinyesha kama kawaida yake. Tenga la kwanza likasoma gramu 24,600. La pili, gramu 9,200. Jumla ilitakiwa iwe gramu 33,800, yaani kilo thelathini na tatu na ushee. Kioo cha mizani kikaandika −31,736.

"Mwalimu," akaniuliza, "ina maana mimi ndiye ninayedaiwa majani?"

Sikuwa na jibu la papo hapo. Mizani ile ilikuwa ya majaribio, tuliiunda mimi na mwanafunzi wangu kwa Arduino Uno ya toleo la R3 (bodi ndogo yenye kompyuta ndani yake) na kihisi cha uzito. Usiku uliotangulia tulikuwa tumeijaribu programu yake kwenye laptopu, nyumbani Uyole, Mbeya. Tuliilisha namba kubwa kubwa, hadi gramu laki tano, ikajumlisha bila kosa. Asubuhi tukaihamishia kwenye bodi mistari ileile, hatukugusa hata nukta, nayo ikamgeuza mkulima kuwa mdaiwa. Karani akapima upya kwa mizani yake ya siku zote, mama akaandikiwa kilo zake, na sisi tukarudi Mbeya tumebeba boksi letu na swali: inawezekanaje hesabu iwe sahihi Uyole na iwe uongo Tukuyu?

Kompyuta haiweki namba kama sisi tunavyoziweka kwenye daftari, ambako namba ikirefuka unaendelea tu kuandika kuelekea ukingo wa karatasi. Kila namba hupewa kisanduku chenye nafasi za kuhesabika, na kila nafasi, iitwayo biti, hubeba 0 au 1 basi. Kisanduku chenye biti 16 kina michanganyiko 65,536 tu. Kwa kuwa tunahitaji na namba hasi, nusu ya michanganyiko hiyo hupewa hasi, na kinachobaki ni kuanzia −32,768 hadi 32,767. Humo ndani 32,768 haipo kabisa.

Sasa ukiwa kwenye 32,767 ukaongeza moja? Wanaokumbuka mita za kilometa za magari ya zamani wanajua: ikifika 99,999, hatua inayofuata ni 00,000. Kisanduku cha biti 16 nacho huzunguka hivyo, ila nafasi yake ya kwanza kushoto ndiyo inayobeba alama ya hasi. Kwa hiyo kuvuka kilele hakukurudishi kwenye sifuri. Unaporomoka hadi chini kabisa, kwenye −32,768, kisha unaanza kupanda upya kutoka huko. Chukua 33,800, toa 65,536, unapata −31,736. Ndiyo namba aliyoonyeshwa yule mama. (Na kanuni za lugha ya C, ambayo ndiyo msingi wa programu za Arduino, haziahidi hata huko kuzunguka. Zinasema tu kwamba namba yenye alama ikifurika, lugha haiwajibiki tena kwa kitakachotokea.)

Hiyo inaeleza hasi. Haielezi kwa nini laptopu haikufurika. Katika programu yetu kisanduku cha jumla tulikiita int, neno ambalo C hulitumia kwa namba kamili. Kwenye laptopu yangu int ni biti 32, inafika 2,147,483,647. Kwenye Arduino Uno yetu int ni biti 16. Tuliandika neno lilelile, na kila mashine ikalisikia kwa sikio lake.

Mtu yeyote aliyewahi kununua viazi mviringo kutoka Umalila au Njombe anajua jambo la namna hii. Unapiga simu: "Naomba magunia kumi." Mkulima anasema sawa, dereva anasema sawa, na wewe sokoni Mwanjelwa unasema sawa. Wote mmetamka gunia. Lakini kuna gunia lililoshonwa mdomo kwa adabu, na kuna lumbesa, lile lililoongezewa kilemba juu na kufungwa kamba hadi linapita kimo cha mtoto. Hakuna aliyedanganya kwa maneno. Neno lenyewe halikubeba kipimo. Ndiyo maana Wakala wa Vipimo hawachoki kusema mazao yauzwe kwa kilo: kilo ya Makambako na kilo ya Tunduma ni kilo ileile. Katika C, int ni gunia.

Ni rahisi kuwalaumu waliotuachia gunia. Mimi siwalaumu. C ilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Bell Labs, Marekani, mikononi mwa Dennis Ritchie, na mashine iliyoilea ilikuwa PDP-11, ambayo kisanduku chake cha asili ni biti 16. Lugha ikapendwa, ikahama. Ilipofika 1978 ilikuwa tayari inatumika kwenye IBM 370 na Interdata 8/32, ambako int ilikuwa biti 32, na kwenye Honeywell 6000, ambako int ilikuwa biti 36 na herufi moja ilichukua biti 9. Naam, 36 na 9. Siku hizo haikuwa sheria kwamba baiti, yaani kifungu cha biti kinachobeba herufi moja, ni biti 8 kila mahali. Ungemlazimisha mwenye Honeywell atumie biti 32 kamili, kila hesabu ingehitaji kazi ya ziada ya kukata biti nne zisizotakiwa, na mashine za wakati ule hazikuwa na nguvu za kupoteza. Kwa hiyo int ikaachwa iwe ukubwa ambao mashine husika inauzoea na kuufanyia kazi haraka. Ulikuwa uamuzi wa watu waliojua wanachofanya.

Kiwango rasmi cha kwanza, cha mwaka 1989, kiliweka sakafu tu. Kilisema int isipungue biti 16, na long, ndugu yake mkubwa, isipungue 32. Dari hakikuweka. Matokeo yake yapo hadi leo mezani kwako. Chukua laptopu mbili mpya za biti 64, moja ina Windows na nyingine Linux, uziulize long ina baiti ngapi. Windows itakujibu 4, Linux itakujibu 8. Hata prosesa zikiwa za aina moja, jibu ni hilo. Kwa miaka mingi waandishi wa programu walijihami kwa kubuni majina yao: huyu anaandika u32, yule INT32, Windows wana DWORD. Ukichanganya kazi za watu watatu kwenye programu moja, unakuta majina matatu ya kitu kimoja, au, kibaya zaidi, jina moja lenye maana mbili.

Kilo ya C ilikuja mwaka 1999. Kiwango kipya cha C kilileta faili fupi iitwayo stdint.h, na ndani yake majina yanayotaja kipimo: int8_t, int16_t, int32_t, int64_t. Namba iliyo katikati ni idadi ya biti, na _t ya mwisho huonyesha kwamba hilo ni jina la aina. Ukitanguliza u, kama uint32_t, hasi zinaondolewa na kisanduku kinaanzia 0 hadi 4,294,967,295.

Watu wengi hudhani faili hiyo ina uchawi fulani. Haina. Kila kompaila, yaani programu inayogeuza mistari ya C kuwa lugha ya mashine, huja na nakala yake, na nakala hiyo inaijua mashine yake. Ukiomba int32_t kwenye laptopu yangu, inakuelekeza kwenye int ya pale, kwa kuwa ndiyo yenye biti 32. Ukiomba int32_t kwenye Arduino Uno yetu, inakuelekeza kwenye long, kwa kuwa huko long ndiyo yenye biti 32. Ni kama kuwa na mwenyeji katika kila soko: wewe unataja kilo, yeye anajua chombo gani cha hapo kinazibeba. Na pale ambapo chombo hakipo, mwenyeji mwaminifu anakwambia hakipo. Kuna prosesa za kuchakata mawimbi, kwa mfano familia ya C2000 ya Texas Instruments, ambazo baiti yao ndogo kabisa ni biti 16. Huko uint8_t haipo, na programu inayoitaka inakataliwa na kompaila kabla haijafika kazini. Nausifu sana utaratibu huu. Programu iliyokataliwa nikiwa nyumbani naweza kuirekebisha kabla mkulima hajafika na matenga yake.

Kwa wasiohitaji kipimo kamili yapo majina mengine mawili: int_least32_t, kisanduku kidogo kabisa kisichopungua biti 32, na int_fast32_t, kile ambacho mashine inakiona chepesi zaidi, mradi kisipungue 32.

Basi tukabadilisha jumla yetu kuwa int32_t, tukajaribu kwenye bodi, 33,800 ikatokea. Tukafurahi mapema. Mwanafunzi wangu aliongeza sehemu ya kuandika kilo kwa mkono, kwa ajili ya magunia yaliyokwisha kupimwa, ikazidishwa kwa 1,000 ili iwe gramu. Akaandika 60. Mizani ikajibu −5,536.

Hapa tulihangaika jioni nzima, na nakiri ndipo nilipoielewa C kuliko miaka yote ya kuifundisha. Mstari ulikuwa unasema: int32_t gramu ni kilo mara 1000. Kisanduku cha kupokelea kilikuwa kipana. Lakini kilo ilikuwa int, na 1000 nayo, kwa kuwa inatosha kwenye biti 16, huhesabiwa kuwa int. C hufanya hesabu kwanza kwa upana wa wanaohesabiwa, kisha ndipo hutazama mahali pa kuweka jibu. Zao la 60,000 lilifurika likiwa bado njiani, na kilichomwagwa kwenye kisanduku kipana kilikuwa tayari kimeharibika: 60,000 toa 65,536. Dawa yake ni kuipanua kilo yenyewe kuwa int32_t kabla ya kuzidisha. Kwenye laptopu kosa hilo lisingeonekana kamwe, maana int ya huko ni pana tangu mwanzo.

Kujua kipimo, kwa hiyo, ni jambo moja, na kipimo kutosha mzigo ni jambo lingine. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ulaya, Ariane 5, iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa, ikasambaratika baada ya sekunde kama 40. Ndani ya programu iliyorithiwa kutoka Ariane 4, iliyoandikwa kwa lugha ya Ada, namba ya desimali ya biti 64 inayohusu mwendo wa ulalo ilibadilishwa kuwa namba kamili ya biti 16. Kwa Ariane 4 ilikuwa inatosha. Ariane 5 ilikuwa na kasi kubwa zaidi ya kwenda upande, namba ikazidi 32,767, na mfumo wa kuongoza roketi ukazimika. Upana ulijulikana kabisa. Mzigo ndio uliobadilika.

Wanafunzi wanaoanza na lugha ya Python huniuliza kwa nini wao hawayaoni haya. Namba kamili ya Python hupanuka yenyewe kadiri inavyohitajika, na gharama yake ni kumbukumbu na muda. Arduino Uno yetu ina kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kazi, haiwezi kulipa gharama hiyo. Java ilichukua njia nyingine tangu mwanzo: int yake ni biti 32 kila mahali.

Kuna jambo ambalo hata stdint.h hailimalizi, nalo ni mpangilio wa baiti. int32_t ina baiti nne, na mashine nyingine huanza kuandika ile yenye thamani ndogo, nyingine ile yenye thamani kubwa, kama ambavyo 03/04 kwetu ni tarehe tatu Aprili na kwa Mmarekani ni Machi tarehe nne. Ukituma namba kutoka mizani hadi kompyuta ya ofisini, mkubaliane nani anatangulia. Itifaki za intaneti zilikwisha kukubaliana: kubwa kwanza.

Baada ya hapo tuliipitia programu yote, kisanduku kimoja kimoja, tukijiuliza ni mzigo gani mkubwa kabisa utakaowahi kuingia humo. Jumla ya gramu za siku tukaipa int32_t, inayobeba zaidi ya tani 2,147, ambazo kituo kile hakizikaribii kwa siku moja. Kwenye saa tukabishana. Kompyuta nyingi huhesabu muda kwa sekunde tangu 1 Januari 1970, na sekunde hizo zikiwekwa kwenye biti 32 zenye alama, kisanduku kinajaa 19 Januari 2038, kwa saa zetu saa 12 na dakika 14 asubuhi, kisha saa inaruka nyuma hadi Desemba 1901. Mwanafunzi wangu atakuwa bado hajafikia umri wa kustaafu siku hiyo. Tukachagua uint32_t, inayofika 7 Februari 2106, tukaandika tarehe hiyo kwa kalamu ya wino mzito ndani ya mfuniko wa boksi.

Wiki iliyofuata tulirudi Tukuyu. Mama yule alikuja na matenga matatu, akasimama mbele ya kioo, akasoma kwa sauti: elfu arobaini na moja, mia mbili. Akamgeukia karani aone kama mizani yake inasema hivyohivyo. Ilisema.