Mzigo Usiobebeka
Matangani hukosi kuusikia msemo huu: "Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba." Wengi hudhani ni andiko. Si andiko. Unakaribiana na 1 Wakorintho 10:13, ila pale Paulo anazungumzia vishawishi vya dhambi, kama ibada ya sanamu na uasherati vilivyowaangusha Waisraeli jangwani. Hazungumzii msiba wala saratani.

Kuhusu mateso yenyewe, Paulo huyohuyo anakiri katika 2 Wakorintho 1:8 kwamba kule Asia (jimbo la Kirumi, katika Uturuki ya leo) walilemewa kuliko nguvu zao, "hata tukakata tamaa ya kuishi." Shabaha anaitaja mstari unaofuata: wasijitumainie wenyewe, bali Mungu afufuaye wafu. Kisha, na hili husahaulika, anategemea sala za Wakorintho. Mfiwa anayesema "nimeshindwa" hajapungukiwa imani.