Saa ya kupiga mbizi si ya kufungiwa kabatini

Hapa Nairobi wapo wenye Submariner, ile saa ya kupiga mbizi ya Rolex, wanaoivaa harusini tu, eti ikivaliwa kila siku itaharibika. Si kweli. Kiwango cha kimataifa cha ISO 6425 kinataka saa ya kupiga mbizi ihimili angalau mita 100 chini ya maji, tena istahimili mishtuko na maji ya chumvi. Sasa mvua ya Moi Avenue itaifanya nini? Kioo cha yakuti hakikwaruzwi na funguo wala sarafu. Chuma kitapata michubuko, naam, na mimi naona inaipendeza. Kinachochoka hasa ni vile vipira vya kuzuia maji, navyo huzeeka hata saa ikilala droo. Mpe fundi aipime kwa mashine ya shinikizo mara kwa mara, na kabla ya kugusa maji hakikisha kile kitufe cha pembeni kimekazwa hadi mwisho.