GPS haili bando, jamani

Jana tena. Kijana mvuvi wa Deep Sea, hapa Tanga, kanipa shikamoo, kaiweka GPS ya mkononi mezani. "Fundi, tukishakipita kisiwa cha Ulenge mtandao unakata, ndiyo maana haishiki." Nikamgeuzia kifaa: haya, nionyeshe laini inaingilia wapi.

GPS inasikiliza tu. Setilaiti ziko juu kilomita 20,200 hivi, zinatangaza bure. Ukizipata nne, umepata mahali ulipo na urefu. Mnara wa simu haumo.

Kinachonichosha ni kwamba uongo huu umeletwa na simu. Simu ikiwa na intaneti inachukua huko taarifa za njia za setilaiti, kwa hiyo hapa Ngamiani inashika kabla hujamaliza kusema bismillahi. Panda msituni Amani mtandao ukukatikie, sasa lazima izipokee taarifa hizo kutoka angani. Kila setilaiti hurudia yake kila sekunde 30, tena kwa sauti hafifu mno. Majani mabichi yakiikata katikati, kile kipande kilichopotea kinangoja mzunguko mwingine. Wewe huna subira: unatembea, unainua mkono kama unayetafuta mtandao, unazidi kujichimbia mitini. Na hata ikishashika, ramani imebaki nyeupe, maana picha za ramani ndizo zilizokuwa zikila bando! Kidoti cha buluu kipo, kimetulia mahali pake juu ya ukurasa mtupu, mtu anatangaza GPS imekufa.

Mengine haraka. Chini ya bati usitegemee kitu. Usiifunike antena kwa kiganja. Kidoti kikihama mita 300 hivi kutoka kwenye bikoni, hapo mapokezi hayana kosa: umechanganya mifumo miwili ya vipimo vya ramani, Arc 1960 ya ramani zetu za zamani na WGS 84 ya GPS, kabadilishe kwenye mipangilio.

Usiku ndio unaonishinda. Jua likishazama, anga la juu huku kwetu tropiki huyasumbua mawimbi, hilo linajulikana. Lakini namba zikiruka saa mbili usiku uwanjani peupe, siwezi kuapa kama ni anga au ni betri iliyochoka. Huwa nabadilisha betri, nangoja asubuhi.

Ile ya kijana ilikuwa imelala kabatini miezi, halafu anaiwashia bandani. Almanaki, yaani orodha ya setilaiti zote na njia zao, ikichakaa, kuipokea nzima ni dakika 12 na nusu. Tukaiweka juu ya ukuta, uwazini, nikamkataza kuigusa. Kahawa ya pili haijaisha, imeshika.

Akaitazama, akanitazama. "Umeweka la shilingi ngapi, fundi?"