Kesi ya talaka Uganda: mahakamani utakutana na nini hasa

Wengi wanaokuja ofisini kwangu hapa Kampala wanadhani kuna siku moja kubwa, unasimama mbele ya jaji unamwaga yote ya ndoa yako na jioni unarudi nyumbani ukiwa huru. Haiko hivyo. Siku nyingi za mahakamani ni fupi sana, karani anaita kesi, mawakili wanasimama, inapangwa tarehe nyingine, mmeshatoka. Umeomba ruhusa kazini, umelipa boda, umekaa benchi moja na mtu ambaye hamjasalimiana miezi, halafu dakika tano imeisha. Inauma, lakini haimaanishi kesi imekufa. Wewe fika tu, tena mapema, maana kesi ikiitwa na haupo inaweza kuendelea bila wewe au hata kutupwa.

Kabla ya kusikilizwa mtapelekwa kwa mpatanishi, tangu kanuni za 2013 kesi za madai zinapitia huko kwanza. Watu wanaogopa ati watalazimishwa kurudiana, hapana, hakuna wa kukulazimisha, na mnayosema mle ndani hayatumiki baadae kama ushahidi. Mimi nawaomba sana wateja wangu mambo ya watoto wayamalizie hapo: wanakaa na nani, karo analipa nani, likizo wanaenda wapi. Mkishindwa ataamua jaji kwa kuangalia maslahi ya mtoto, na jaji hamjui mtoto wako kama nyie mnavyomjua.

Sasa siku ya ushahidi. Kesi inaendeshwa kwa Kiingereza, kama hukielewi vizuri mwambie wakili wako mapema aombe mkalimani, usitikise tu kichwa. Zamani mwanaume ilimtosha kuthibitisha uzinzi tu wa mkewe, na mwanamke alitakiwa juu ya uzinzi wa mumewe aongeze kosa lingine, ubaguzi huo Mahakama ya Katiba iliufuta 2004, kwa hiyo leo uzinzi, ukatili au kutelekezwa ni sababu kwa wote wawili. Lakini lazima uthibitishe. Ukisema "alikuwa ananipiga kila siku", wakili wa upande wa pili atakubana: siku gani, nani alikuwepo, mbona hukwenda polisi? Lakini ukisema ilikuwa wiki ya Krismasi, jikoni, dada yangu alikuwepo, asubuhi nikaenda kwa mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, na barua yake hii hapa, hapo ni vigumu kukutikisa. Jibu ulichoulizwa, ukilia sio aibu, omba maji, pumua, endelea. Na kama hukumbuki sema hukumbuki, maana uongo mmoja mdogo unachafua hata yale ya kweli uliyosema.

Mali nayo ina maneno mengi mtaani. Sio nusu kwa nusu tu kwa sababu mlioana. Mahakama ya Juu ilishaeleza 2013 kwamba kinachoangaliwa ni mchango wa kila mmoja, na mchango sio pesa tu, mama aliyelea watoto na kuendesha nyumba ili mwenzake ajenge naye amechangia. Basi sema ulichofanya, usione haya, na risiti zote leta. Ng'ombe za mahari zisikutishe kabisa, mahakama hiyohiyo 2015 ilisema kudai mahari irudishwe ndoa ikivunjika ni kinyume cha katiba.

Na hapa ndo watu wanaumia: jaji akikubali, unachopata kwanza ni dikrii nisi, yaani amri ya talaka ya muda tu, bado ni mke au mume wa mtu kisheria. Lazima ipite miezi isiyopungua sita ndo iombwe amri ya mwisho, na haiji yenyewe, wakili wako anatakiwa arudi kuiomba. Usifunge ndoa nyingine kabla haijatoka, ni kosa la jinai. Andika tarehe ambayo miezi sita inaisha kwenye simu yako siku hiyohiyo mnapotoka mahakamani, na ikifika mpigie wakili.